Makaburu Walipojifungia Ndani

Julai 1969, Neil Armstrong anakanyaga mwezi na mamia ya mamilioni ya watu duniani wanamwona kwa TV. Wazungu wa Afrika Kusini, watu wa magari makubwa na vidimbwi vya kuogelea nyuma ya nyumba, hawakuona kitu usiku huo. Walibaki na redio.

Si kwamba hawakuwa na pesa. Kenya ilikuwa na TV tangu 1962, kabla hata ya uhuru. Afrika Kusini, nchi tajiri kuliko zote barani, ilingoja hadi 5 Januari 1976. Serikali ya makaburu ilikataa tu. Waziri Mkuu Verwoerd aliifananisha TV na bomu la atomiki na gesi ya sumu. Waziri wake wa posta, Albert Hertzog, aliogopa filamu za nje zingeonyesha watu weusi na weupe wakiishi pamoja kama kawaida, na Mzungu akiwa kwenye kochi lake aanze kuona kwamba kumbe inawezekana. Eti tabaka lililoitawala nchi nzima kwa mtutu lilikuwa likilindwa lisione sinema!

Siandiki haya ili tuwalilie. Machi 1960 polisi waliua watu 69 pale Sharpeville kwa kuandamana dhidi ya vipande, na hakuna mizani ya kupima hilo na kukosa TV. Ila nimechoka na ile hadithi tunayopenda kusimulia, kwamba upande mmoja ulikuwa jela na ule mwingine sherehe. Sheria iliyomzuia Mwafrika asiingie ilibidi pia imkague Mzungu kila mara, ihakikishe bado ni Mzungu.

Ukaguzi huo ulifika hadi kitandani. Mwaka 1949 ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine zilipigwa marufuku. Mwaka uliofuata ikawa kosa hata kulala pamoja. Polisi walichungulia madirishani na kupapasa shuka kama bado zina joto. Katika mji mdogo wa Excelsior, wakulima Wazungu, wanaume wenye heshima zao, walishtakiwa pamoja na wanawake weusi waliozaa nao. Mwaka 1971 serikali ikafuta kesi. Ushahidi ulikuwepo, tena ulikuwa ukinyonya. Aibu ndiyo iliyozidi.

Lakini kisa kinachonikaa moyoni ni cha Sandra Laing. Alizaliwa 1955, wazazi wake Wazungu wenye duka karibu na Piet Retief, wafuasi wa chama kile kile kilichotunga sheria za ubaguzi. Sandra alitoka na ngozi ya kahawia na nywele za kipilipili. Damu ya mababu, basi, ile ambayo familia nyingi za kikaburu zinayo na hazitaki kuisikia. Nyumbani hakuna aliyelisemea. Shuleni wazazi wa watoto wengine walilisemea sana, na mwaka 1966, akiwa na miaka 10, polisi walikuja kumtoa darasani. Serikali ikamwandika upya kwenye kundi la machotara. Yaani kwa sheria, mtoto na wazazi wake hawakuwa tena wa rangi moja, na hawakupaswa kuishi pamoja kama familia.

Baba alipigana. Alienda mahakamani, akapimwa damu kuthibitisha mtoto ni wake. Mwaka 1967 sheria ikabadilishwa: aliyezaliwa na Wazungu wawili ni Mzungu. Sandra akawa Mzungu tena, kwenye karatasi. Angalia lakini alichopigania yule mzee. Hakuwahi kusema sheria ni mbaya. Alichotaka ni binti yake asimame upande ulio salama. Sandra alipotoroka akiwa bado kijana, akaenda Swaziland na mwanamume Mweusi, baba yule yule alimkana. Baadaye ikabidi Sandra mwenyewe aombe kuandikwa chotara ili asitenganishwe na watoto wake. Baba alikufa hawajaonana tena. Mama walikuja kukutana mwaka 2000, akiwa ajuza katika nyumba ya wazee.

Halafu kulikuwa na jeshi. Kuanzia 1967 kila kijana wa kiume Mzungu aliitwa: kwanza miezi tisa, kisha mwaka, na kuanzia 1977 miaka miwili mizima, wengine wakiwa ndio kwanza wametoka shule. Walipelekwa mpaka wa Namibia na ndani ya Angola. Kufikia miaka ya 80 ukikataa unaweza kula miaka sita jela. Kampeni ya kupinga uandikishaji huo ilianzishwa 1983, na 1988 serikali ikaipiga marufuku.

Oktoba 1984 adui hakuwa tena ng'ambo ya mpaka. Askari na polisi wapatao 7,000 waliingia Sebokeng, Boipatong na Sharpeville, Sharpeville ile ile, wakapekua nyumba kwa nyumba. Vijana wengi Wazungu waliobeba bunduki miaka hiyo walikuwa wamelelewa na mayaya weusi, wakabebwa mgongoni na kubembelezwa kwa nyimbo za Kisotho au Kizulu. Sasa walikuwa wakigonga milango mitaani ambako wanawake kama hao walirudi siku zao za mapumziko.