Fundi wa simu na redio: bodi, moshi wa kulehemu na afya yako

Kama unatengeneza simu, redio, televisheni au vifaa vya sola, kila siku unashika bodi na kuvuta moshi wa kulehemu. Songea mafundi wengi hufanya kazi hii kwenye vibanda vidogo, na baridi ya Juni na Julai ikiingia, mlango na dirisha hufungwa. Makala hii inaeleza ni nini hasa kinachoweza kukudhuru, kinaingiaje mwilini, na ufanye nini.

Bodi imetengenezwa na nini?

Ile bodi ya kijani iliyo ndani ya simu au redio mara nyingi ni kitambaa cha nyuzi za kioo (faibaglasi) kilichogandishwa kwa gundi ngumu iitwayo epoksi, kisha kikabandikwa shaba nyembamba. Hutumika kwa sababu haipitishi umeme, haipindi na huvumilia joto la kulehemu. Ndani yake huwekwa pia kemikali za kuzuia isishike moto haraka.

Bodi nzima ukiishika tu haina shida. Tatizo huanza unapoikata, kuitoboa, kuipiga msasa au kuichoma.

Vumbi la bodi

Vumbi hili lina vipande vya nyuzi za kioo. Huchoma ngozi na kuwasha, hasa mikononi na shingoni, huleta macho mekundu, na hukereketa pua na koo. Wengine huogopa kwamba linaleta saratani kama asbesto. Nyuzi za aina hii ni nene, nyingi hunaswa puani na kooni kabla ya kufika ndani ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, katika chapisho lake la 2002, halikuziweka kwenye kundi la visababishi vya saratani. Hata hivyo usilivute vumbi hilo.

Moshi wa kulehemu

Ncha ya kifaa cha kulehemu hufika kati ya nyuzi joto 300 na 400. Risasi huhitaji joto kubwa zaidi ya hapo ndipo igeuke mvuke kwa wingi. Moshi unaouona unatoka kwenye dawa iliyo ndani ya waya wa kulehemu, ambayo mara nyingi hutokana na utomvu wa msonobari.

Moshi huo unaweza kusababisha pumu ya kazini. Dalili zake ni kikohozi, kifua kubana na kupumua kwa mlio. Jichunguze: je, unapata nafuu siku za mapumziko, kisha hali inarudi ukianza kazi? Hiyo ni dalili muhimu, mwambie mhudumu wa afya. Pumu hii ikikomaa, hata moshi kidogo unaweza kuiamsha.

Madini ya risasi

Angalia kibandiko cha waya wako. 60/40 maana yake ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Risasi hubaki kwenye vidole, meza na nguo, kisha huingia mdomoni unapokula, unapovuta sigara au unaposhika waya kwa meno.

Anayeumia zaidi anaweza kuwa mtoto wako nyumbani. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi inayomezwa mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, nayo huathiri ubongo, uwezo wa kujifunza na damu. Kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Jilinde hivi

- Fungua dirisha, na weka feni ivute moshi nje bila kumpelekea mwenzako.
- Usiinamishe uso juu ya moshi. Barakoa ya kitambaa haiuzuii.
- Lowanisha bodi kidogo kabla ya kuikata au kuipiga msasa, na vaa miwani.
- Futa meza kwa kitambaa kibichi. Usipulize vumbi kwa mdomo, usifagie pakavu.
- Nawa kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumshika mtoto.
- Usile mezani pa kazi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.
- Usichome bodi kupata shaba. Moshi wake una sumu kali, na majivu hubaki na risasi.
- Nyuzi zikiwasha ngozi, usikune. Osha kwa maji mengi yanayotiririka.

Uende kituo cha afya lini?

Nenda ukibanwa kifua, ukiwa na jicho linalouma baada ya kuliosha, au ukiumwa tumbo na kichwa mara kwa mara pamoja na kukosa choo na uchovu. Taja kazi yako, usisubiri kuulizwa. Mtoto anayeshinda kibandani naye apelekwe. Si kila kituo kina kipimo cha risasi katika damu, hivyo unaweza kupewa rufaa. Kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani linashauri chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi usikisingizie moshi. Pima kifua kikuu; kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali.