Ramani za Kale za Waingereza na Sikio la Kiswahili

Walimu wengi wa Kiswahili hudhani kuwa ramani ni mali ya mwalimu wa jiografia. Katika makala haya twataka kuonyesha kuwa ramani za kale za Uganda zilizochorwa na Waingereza, tangu zile za wasafiri wa miaka ya 1860 hadi zile za wapima ardhi wa miaka ya 1950, ni maandishi yatuhusuyo sisi pia, na kwamba asiyejua Kiswahili huyasoma nusu tu. Tunazungumzia hasa ramani za topografia, yaani zile zinazoonyesha vilima kwa mistari ya kontua, pamoja na mito, vinamasi, njia na majina ya mahali. Baadhi yetu hapa Kampala tumekuwa tukizikusanya, moja moja, si kwa ajili ya kuzitundika ukutani bali kwa ajili ya majina yaliyomo.

Tuanze na jina la nchi yenyewe. Wenyeji wa ufalme husema Buganda. Je, ile B ilipotelea wapi? John Hanning Speke, aliyefika katika jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka wa 1862, alikuja kwa njia ya misafara ya pwani, na watu wa misafara walikuwa na desturi ya kuziita nchi za bara kwa kiambishi cha U: Ugogo, Unyamwezi, Usukuma. Kwa hiyo katika ramani na maandiko yake tunakuta Uganda, Unyoro, Usoga na Uddu, na watu wake ni Waganda na Wanyoro. Stanley, aliyelizunguka ziwa mwaka wa 1875, alifuata mtindo huo huo. Baadaye Bunyoro na Busoga zilirudishiwa B zao, lakini Uganda lilikwisha kuwa jina la himaya iliyotangazwa mwaka wa 1894. Jina la taifa hili, basi, ni neno la Kiswahili lililopitia katika wino wa Kiingereza. Yafaa wanafunzi wetu waambiwe hivyo, maana wako wanaoamini kuwa Kiswahili kiliingia Uganda pamoja na askari tu.

Ipo na hadhari hapa. Msomaji akutanapo na neno Uganda katika ramani ya mwaka wa 1900 au kabla yake, asikimbilie kudhani kuwa linamaanisha nchi nzima. Mkataba uliotiwa sahihi tarehe 10 Machi 1900 kati ya Sir Harry Johnston na mawakili wa Kabaka mtoto, Daudi Chwa, uliutaja ufalme wa Buganda kwa jina la Uganda. Neno moja, nchi mbili. Atakayepima ukubwa wa moja kwa ramani ya nyingine atapata hesabu ya ajabu.

Lakini mfano tuupendao kuliko yote ni ule wa Mfumbiro. Mwaka wa 1861 Speke, akiwa Karagwe, aliona kwa mbali sana upande wa magharibi vilele vya milima, akaambiwa kuwa ni Mfumbiro. Jina likaingia katika ramani. Tukumbuke lilivyosafiri: Speke hakuwa hodari wa Kiswahili, na mara nyingi alizungumza na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani. Jambo lililosemwa na mwenyeji lilipita katika Kiswahili, kisha Kihindustani, ndipo likafika katika daftari ya Mwingereza. Kwa Kiganda kufumba ni kupika, na wengi hulifasiri jina hilo kuwa mahali pa kupikia, fasiri ambayo yaifaa sana milima ya volkeno. Sisi wenye Kiswahili tuna kufumba kwetu, ambako ni kufunga macho au kuficha maana, na kwa yaliyofuata huenda ndiko kulikofaa zaidi.

Maana tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipogawana Afrika ya Mashariki, katika mkataba ule ule ulioihusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, mpaka wa magharibi ya Ziwa Viktoria uliwekwa kwenye mstari wa digrii 1 kusini ya ikweta. Kisha likaongezwa sharti: mlima Mfumbiro usiwe wa Wajerumani, na kama ukionekana uko kusini ya mstari, mstari na upindwe uuzunguke. Waliotia sahihi hawakujua mlima huo uko wapi. Walikuwa na neno tu juu ya karatasi, na kwa neno hilo wakaahidiana ardhi yenye watu.

Wapima ardhi walipofika hatimaye, hawakukuta mlima mmoja uitwao Mfumbiro. Walikuta safu ya volkeno, kila moja na jina lake: Muhabura, Mgahinga, Sabinyo, na nyingine zaidi upande wa magharibi. Tena ilidhihirika kuwa mstari wa digrii 30 mashariki, ambao ulitegemewa kutenga nchi ya Waingereza na Kongo, haukuwa mahali ulipochorwa katika ramani za awali. Miaka ya 1907 na 1908 tume ya mpaka ilifanya kazi upande wa Kongo, na mwaka wa 1908 hadi 1909 E. M. Jack, mhandisi wa jeshi la Uingereza, aliongoza upimaji wa tao la digrii hiyo ya 30 ndani ya Uganda, kwa pembetatu zilizofungwa kilima kwa kilima. Mwaka wa 1910 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikutana Brussels wakakata shauri. Mstari ukapitishwa juu ya vilele, na leo hii katika Sabinyo hukutana Uganda, Rwanda na Kongo. Watu wa lugha moja na ukoo mmoja wakajikuta pande tofauti za mstari.

Kwa nini tunasema Kiswahili kinahitajika katika kusoma haya? Kwa sababu mtaalamu asiyejua lugha zetu huliona jina Mfumbiro kuwa kosa la kijiografia tu. Sisi twaweza kusikia ndani yake jibu la mtu aliyeulizwa "kule ni wapi?", akataja eneo, naye muulizaji akaandika kilele. Si kosa la mwenyeji. Kiambishi kimoja cha mahali kikisikiwa kuwa cha kitu, milki mbili za Ulaya zabishana kwa miaka 20. Nalo jina halikufa: Bufumbira ni eneo la Kisoro hadi leo.

Juu ya ardhi ya Buganda tutasema kwa ufupi, maana wanahistoria wamekwisha kuandika mengi. Mkataba wa 1900 uliikadiria nchi kuwa maili mraba 19,600, na kati ya hizo 8,000 zikatengwa kwa machifu na wenye ardhi binafsi. Hesabu ilifanywa kwanza, upimaji ukafuata baadaye. Neno mailo, ambalo Waganda huliita ardhi ya namna hiyo hadi sasa, ni ile maili yetu katika vazi jingine. Si vibaya mwalimu afundishapo vipimo akaeleza kuwa kuna nchi ambako kipimo cha urefu kimekuwa aina ya umiliki, na kesi zake hazijakwisha mahakamani.

Ramani nyingi zipatikanazo leo, hata hivyo, si za zama hizo. Mwaka wa 1946 iliundwa jijini London idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, na tangu mwaka wa 1957 ikajulikana kwa herufi DOS. Ndege zilipiga picha kutoka angani, wachoraji huko Uingereza wakazigeuza kuwa karatasi za kipimio cha 1:50,000, na Idara ya Ardhi na Upimaji ya Entebbe ikashughulikia mambo ya huku. Msomaji atazame pambizo: tarehe ya kuchapwa si tarehe ya picha, na baina ya hizo mbili mtaa mzima waweza kuzaliwa.

Karatasi isiyo na tarehe nayo hujitaja yenyewe. Ikionyesha Kisumu na Naivasha ndani ya Uganda, ni ya kabla ya 1902, mwaka ambao jimbo la mashariki lilihamishiwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Ikionyesha Buyaga na Bugangaizi ndani ya Buganda, yaeleza hali ya kabla ya 1965, maana kura ya maoni ya Novemba 1964 ndiyo iliyozirudisha Bunyoro. Tahajia nayo ni shahidi: Chagwe ya ramani za zamani ndiyo Kyaggwe ya leo, kwa kuwa maandishi ya Kiganda yalisanifishwa mwaka wa 1947.

Kwa wakazi wa Kampala jambo zito zaidi limo katika rangi ya buluu na alama za mafunjo. Mji huu hutajwa kwa vilima vyake, Mengo, Lubaga, Namirembe, Kibuli, Nakasero, lakini ramani za kale zaonyesha kuwa kila kilima kilikuwa na kinamasi miguuni pake: Nakivubo ukielekea Ghuba ya Murchison, Lubigi upande wa kaskazini magharibi, Kinawataka upande wa mashariki. Mafunjo yale yalipokea maji ya mvua na kuyachuja kabla hayajafika ziwani. Sehemu kubwa imejazwa udongo ikajengwa. Watu wa Bwaise, ambao nyumba zao hufurika kila msimu wa mvua, wakioneshwa karatasi ya zamani hawahitaji mkalimani.

Anayetaka kuzitafuta aanzie Entebbe, katika idara ya upimaji, kisha maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere, na ile ya Uganda Society iliyomo katika Jumba la Makumbusho, Barabara ya Kira. Huko pia atazikuta atlasi za Uganda za 1962 na 1967. Ng'ambo, maktaba ya taifa ya Uingereza imeziweka wazi kwenye intaneti ramani za Wizara ya Vita za Afrika ya Mashariki za miaka ya 1890 hadi 1940. Miongoni mwake zimo zilizochorwa kwa mkono njiani. Huko ndiko twashauri mwalimu aanze na darasa lake: achague ukurasa mmoja wenye vijito na vijiji, awaulize wanafunzi ni majina yapi yamesikiwa kwa Kiganda, yapi kwa Kinyoro, na yapi yamepita kwanza katika kinywa cha mpagazi wa pwani.