Hodi Katika Dunia za Kubuni

Mwaka 1975, katika mji mdogo wa Lake Geneva ulioko jimbo la Wisconsin, Marekani, kampuni changa iitwayo TSR ilitoa bweta lenye kitabu na ramani za rangi, likauzwa kwa dola 25, bei iliyowashtua wengi wa siku zile, kwani mchezo wa Dungeons & Dragons wenyewe, uliotolewa na kampuni hiyo hiyo mwaka mmoja kabla, ulipatikana kwa dola 10. Bweta hilo liliitwa Empire of the Petal Throne, na aliyelifungua akitaraji kukuta ngome za mawe, mashujaa wapanda farasi na mazimwi ya Ulaya, alikuta habari nyingine kabisa: mgeni asiye na ukoo wala mdhamini anashuka kutoka katika chombo kidogo kwenye bandari ya Jakálla, anapelekwa mtaa wa wageni, na huko hana budi kujifunza adabu za mji kabla hajafanya lolote, kwa sababu neno moja lisilo na staha mbele ya mtu mkubwa laweza kumfikisha penye adhabu ya kutungikwa mtini.

Kwa msomaji asiyepata kuuona mchezo wa namna hii, yafaa nieleze kidogo. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja hushika usimulizi, akawaambia wenziwe walipo na wanachokiona, na waliobaki, kila mmoja akiwa amevaa nafsi ya mtu wa kubuni, hueleza anachosema na anachotenda. Na panapoingia shaka, kwamba upanga umempata adui au umepita hewani, hutupwa dadu, na iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya nyuso 20, kijitufe cha pembetatu tupu, ambacho hubiringika mezani na kusita ukingoni mwa namba hii na ile, macho ya wote yakikifuata, mpaka kitulie. Sisi tuliolelewa kwa paukwa na pakawa hatuoni ugeni mkubwa hapo, isipokuwa katika jambo moja: wasikilizaji ndio wanaomwendesha shujaa, wala bibi msimulizi hajui hadithi itaishia wapi.

Hadithi yoyote, lakini, hukaa mahali, na mahali pana wenyewe. Waliouanzisha mchezo huu, Gary Gygax na Dave Arneson, walichota zaidi katika vita vya Ulaya ya zamani na katika riwaya za mazimwi na mapango walizozisoma ujanani. Na hilo si la kulaumiwa, maana kila mtu huanza na akiba ya nyumbani kwake. Haja ya kutazama kwingine ilipowajia wao na waliowafuata, waliiendea India, Uajemi, Uchina, Mexico ya kale na Afrika, wakachukua huko majumba, mavazi, miungu na majini. Kwetu pwani mtu hapiti kizingiti cha mwenziwe bila kupiga hodi, na hodi haijatimia mpaka iitikiwe karibu. Nijuavyo mimi, tarikhi ya dunia hizi za mezani ni tarikhi ya watu walioingia nyumba za wengine, baadhi kwa elimu kubwa na baadhi kwa elimu haba, ambao kwa muda wa miaka mingi hawakungoja kuitikiwa.

Mwenye elimu kubwa kuliko wote alikuwa huyo aliyeitunga Jakálla. Alizaliwa Spokane, jimbo la Washington, mwaka 1929, akaitwa Phillip Barker. Akaenda India kwa masomo ya lugha, akasilimu huko akiwa kijana, akajulikana tangu hapo kwa jina la Muhammad Abd-al-Rahman Barker. Aliandika sarufi na kamusi ya Kiklamath, lugha ya wenyeji wa Oregon, akatoa vitabu vya kufundishia Kiurdu na Kibaluchi ambavyo wanafunzi wamevitegemea kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamia Chuo Kikuu cha Minnesota kufundisha mambo ya Asia ya Kusini. Tangu utotoni alikuwa akijijengea dunia moja moyoni, akaiita Tékumel. Na mchezo mpya ulipomfikia pale Minnesota, dunia hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa, imebaki kutiwa kanuni tu.

Tékumel ni sayari yenye uhaba wa madini. Chuma ni cha thamani kama johari, na kwa hiyo deraya na panga za askari hutengenezwa kwa ngozi ya mnyama mkubwa aitwaye chlen, ambayo hubanduliwa, hutiwa dawa, kisha hufinyangwa na kukaushwa hata ikawa ngumu. Miungu ni ishirini, kumi wa utulivu na kumi wa mageuzi, wala hakuna aliye mwovu mtupu machoni pa mwenye kumwabudu. Ukoo ndio ngao ya mtu na ndio benki yake. Lugha ya dola kuu ya humo, Kitsolyáni, Barker aliitungia nahau, msamiati, na hati inayoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kama ile ambayo wazee wetu waliiandikia tenzi, akaipa namna nyingi za kumwambia mtu “wewe” kwa kadiri ya daraja yake na ya msemaji. Anayemjua mzee atakayeitikia shikamoo na atakayekunja uso kwa kunyimwa, ataelewa mara moja ni ujuzi gani unaotakiwa hapo. Mtunzi huyu hakuichukua India nzima wala Mexico nzima akaibandika jina jipya. Alijifunza jinsi jamii inavyofungamana, akafuma yake. Kwa usanii, sijaona mchezo ulioipita Tékumel.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1985, TSR ilitoa Oriental Adventures, kitabu ambacho jaladani kilibeba jina la Gygax ijapokuwa sehemu kubwa yake iliandikwa na David Cook. Humo Ujapani na Uchina zimechanganywa kama wali na ugali katika sahani moja, samurai bega kwa bega na watawa wa Kichina, na hata heshima ya mtu imepewa hesabu ya kupanda na kushuka. Kilinunuliwa sana. Baada ya miaka mingi wachezaji wenye asili ya Asia walisimama wakakilalamikia waziwazi, na mwaka 2020 Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR mwaka 1997, ikaweka tangazo katika vitabu vyake vya zamani vinavyouzwa kwa njia ya mtandao, likisema kwamba baadhi ya yaliyomo hayaafiki maadili ya kampuni ya leo.

Ninapenda kukaa zaidi katika bweta la mwaka 1992, Al-Qadim, kazi ya Jeff Grubb akisaidiwa na Andria Hayday, kwa sababu dunia yake, Zakhara, inaigusa pwani yetu kwa njia iliyo bayana. Chimbuko lake ni Alfu Lela Ulela, hekaya ambazo watoto wa Unguja na Mombasa wamekuwa wakizisoma kwa Kiswahili tangu zama za Waingereza, ambamo Sindibadi husafiri katika bahari ile ile iliyokuwa ikileta majahazi ya kaskazi bandarini kwetu. Hekaya hizo zilifika Ulaya kwa mkono wa Mfaransa Antoine Galland, aliyeanza kuzipiga chapa mwaka 1704. Na baadhi ya zilizo mashuhuri kuliko zote, ile ya Aladini na ile ya Ali Baba, hakuzipata katika hati ya Kiarabu bali alisimuliwa mjini Paris mwaka 1709 na kijana wa Halab, Hanna Diyab, ambaye jina lake Galland alilitia katika kumbukumbu zake za siku, asilitie katika kitabu. Richard Burton naye, ambaye tafsiri yake ya Kiingereza ilianza kutoka mwaka 1885, ndiye yule aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856 kabla ya kwenda bara kulitafuta ziwa la Tanganyika. Hivyo wachezaji wa Marekani walipokea Bara Arabu lililokwisha kupita mikono mingi, na mkono wa mwisho ulikuwa wa sinema.

Pamoja na hayo, mna jambo moja katika Al-Qadim ambalo limenikaa moyoni. Mganga mkuu wa Zakhara anaitwa sha'ir. Kwa Kiarabu neno hilo lina maana ya mtunga mashairi, na shina lake ndilo shina la neno letu mshairi. Lakini katika mchezo huu sha'ir ni mtu anayefuatwa na jini mdogo, ambaye bwana wake humtuma kwenda kumtafutia azima katika milki za moto, maji, upepo na udongo, naye huketi akingoja, asijue kama mjumbe atarudi na alichotumwa au atarudi mikono mitupu. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilidhani nimeona kosa la mtu asiyejua lugha. Baadaye nikakumbuka kwamba Waarabu wa zama za jahilia waliamini kuwa kila mshairi mkubwa ana jini amnong'onezaye beti, wala hatuna haja ya kwenda mbali, kwani kwetu pia mtu mwenye ruhani husemwa kwamba kauli inayomtoka si yake peke yake. Iwe waandishi walikusudia au iliwatokea, walikuwa wamegusa itikadi ya kale ambayo wengi wetu tumeisahau. Vivyo hivyo waganga wa nchi za kaskazini, wale wenye vitabu na fimbo ambao michezo mingine yote huwafanya ndio kipimo, huku huitwa ajami, yaani wageni. Na mchezaji wa Wisconsin, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake, alijikuta yeye ndiye ajami.

Ila nyumba hiyo ilitandikwa mazulia yote na kufukizwa udi, kisha kibla kikaondolewa. Uislamu wenyewe haumo. Mahali pake imewekwa miungu ya kubuni yenye majina yenye lafudhi ya Kiarabu, kina Hajama na Najm. Yamkini waandishi waliogopa kuwakosea Waislamu, na hofu hiyo ni ya kiungwana. Walakini njia ya kutokukosea ingekuwa kuwauliza, na Mwislamu aliyelifungua bweta lile alikuta desturi zake zote zimo, isipokuwa ile inayozipa maana nyingine zote.

Afrika ilingoja zaidi. Nyambe, kitabu cha Chris Dolunt kilichotolewa na Atlas Games mwaka 2002, kilibeba jina ambalo Walozi wa Zambia humwitia Mungu, na mwandishi wake alidhamiria kwa dhati kuachana na Afrika ya sinema, ile ya msitu, ngoma na mzungu mmoja mwenye bunduki. Ninamshukuru kwa nia hiyo. Bara zima, lakini, lilikunjwa kama mkeka likaingizwa katika kapu moja, Mzulu na Myoruba wakawa majirani wa mlango kwa mlango. Kevin Crawford, aliyetunga Spears of the Dawn miaka kumi hivi baadaye, alifanya busara ya kujifunga na Afrika ya Magharibi, na kazi yake imepata uzito kwa kujinyima huko.

Mwaka 2022 yalitukia mambo mawili ambayo mimi siwezi kuyatenganisha. Mwezi Machi taasisi inayoihifadhi Tékumel ilikiri hadharani kwamba Barker, aliyefariki mwaka 2012, ndiye aliyeandika kwa jina la uongo riwaya ya Serpent's Walk, iliyochapishwa mwaka 1991 na matbaa ya wafuasi wa Unazi, na kwamba kwa miaka mingi alikuwa katika kamati ya washauri ya jarida lililokuwa likikanusha mauaji ya halaiki ya Mayahudi. Mtu aliyesoma lugha za watu wengi kuliko sisi sote, aliyesilimu, aliyeketi na Wabaluchi na Waklamath akiandika kila sauti ya vinywa vyao, ndiye huyo. Habari hiyo ilinihuzunisha kwa namna nisiyoweza kuificha, kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba mwenye kuijua lugha ya mtu hawezi kumdharau mtu. Barker aliwafundisha wachezaji wake adabu ya mgeni ashukaye Jakálla, naye mwenyewe alikaa na binadamu wenziwe hana adabu hiyo.

Kisha mwezi Julai kikatoka Journeys through the Radiant Citadel, kitabu cha Dungeons & Dragons chini ya uongozi wa Ajit George na F. Wesley Schneider, chenye visa 13 vyote vilivyotungwa na waandishi weusi na wa asili nyingine zisizo za Kizungu, kila mmoja akichota katika urithi wake mwenyewe. Si visa vyote vilivyo sawa kwa ufundi, na vingine ni vifupi mno kwa mambo vinavyoyabeba. Lakini humo chakula kina harufu, maana aliyekiandika amekila.

Mwaka huo huo kilisambazwa Coyote & Crow, mchezo ulioongozwa na Connor Alexander wa Taifa la Wacherokee, baada ya watu kuuchangia mwaka 2021 zaidi ya dola milioni 1. Dunia yake ni Amerika ambayo Wazungu hawakuitawala kamwe, na mji wake mkuu ni Cahokia, mji wa kweli uliostawi karibu na mahali palipo leo St. Louis, ambao vilima vyake vya udongo vilivyojengwa kwa mikono bado vimesimama. Dadu zake ni za nyuso 12. Na ndani ya kitabu, katika visanduku vilivyotengwa pembeni mwa kanuni, waandishi husema na wasomaji wa namna mbili: walio wenyeji wa asili huambiwa walete mezani mila za kabila lao wapendavyo, nao wasio wenyeji huombwa wasijivike kabila la kweli wala desturi wasizozijua, bali watumie zile ambazo kitabu kimewaandalia. Nilivisoma visanduku vile polepole, cha kwanza na cha pili, nikavirudia, kwa sababu katika miaka yote hiyo ya dunia za kubuni ndipo mahali pa kwanza niliposikia sauti ya mwenye nyumba ikitoka ndani, ikisema karibu, na ikionyesha pa kuvulia viatu.