Lugha Tisa za Mwaka 1896

Mwaka 1896 jimbo la Minnesota lilitoa maelekezo ya kupiga kura kwa lugha tisa, zikiwamo Kijerumani, Kiswidi, Kifini na Kipolandi. Mimi hutafsiri maneno ya programu za mtandaoni kwa Kiswahili hapa Minneapolis na Saint Paul, na mwaka huo nautaja kila ninapoambiwa kwamba kazi yetu ni jambo jipya.

Wageni wa baadaye walitoka mbali zaidi. Wahmong walianza kufika baada ya vita vya Laos kumalizika mwaka 1975. Wasomali wakafuata miaka ya 1990. Walikuja na maandishi ambayo tayari yalikuwa yamewarahisishia njia.

Alfabeti ya Kihmong inayotumika sana hapa ilibuniwa Laos mwanzoni mwa miaka ya 1950 na wamisionari William Smalley, Linwood Barney na Yves Bertrais. Kihmong ni lugha ya toni, lakini hawakuweka alama juu ya herufi. Toni huonyeshwa na konsonanti mwishoni mwa silabi: katika jina Hmoob, ile b haitamkwi, kazi yake ni kusema sauti iwe ya juu. Taipureta ya kawaida ikatosha. Smalley mwenyewe alikuja kufundisha Chuo cha Bethel, kitongojini mwa Saint Paul. Somalia nayo ilichagua herufi za Kilatini mwaka 1972. Tovuti zilipokuja, lugha hizo mbili ziliingia bila fonti maalumu, kama Kiswahili. Wakaren waliotoka Burma walihangaika zaidi, kwani herufi zao za ziada ziliingizwa katika Unicode, mfumo wa herufi wa kompyuta, mwaka 2008.

Siku hizi wanaoamua mapema kama lugha itaingia kwa urahisi ni waandaaji wa programu. Wakiandika sentensi vipande vipande, idadi huku, neno “mpya” kule, Kiswahili hukwama: ujumbe mpya, vitabu vipya, majibu mapya. Sentensi nzima ikikaa kwenye faili la kila lugha, lugha hiyo hujipangia maneno yake.

Agosti 2000 Rais Clinton alitia saini amri ya kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri. Machi 2025 ikafutwa. Minnesota ilikuwa imeianza kazi hiyo miaka 104 kabla ya amri, bila kulazimishwa na Washington. Naamini inaweza kuiendeleza vivyo hivyo, mradi programu zake zijengwe tangu siku ya kwanza zikiwa na nafasi ya lugha zote za watu wake.