Uhamiaji mijini: Kipato hupanda, makazi hubaki kitendawili

Na Mwandishi Wetu

KWA familia nyingi za vijijini, kumpeleka kijana mjini ni uamuzi mzito unaokaribiana na kuuza shamba. Nauli hutafutwa, ndugu wa kumpokea huulizwa, na wanaobaki nyumbani huanza kusubiri matunda ya safari. Swali ambalo wataalamu wa jiografia ya uchumi wamekuwa wakilichunguza kwa miongo kadhaa ni moja: je, anayehama hupata nafuu ya kweli, au hubadilisha shida moja kwa nyingine?

Kwa Tanzania, jibu lenye ushahidi mzito limetoka mkoani Kagera. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti walizihoji kaya 915 za mkoa huo, wakilenga hasa kupima athari za vifo vya watu wazima wakati wa janga la Ukimwi. Mwaka 2004 walirudi na kuwatafuta watu wale wale mmoja mmoja, wakiwemo waliokuwa wamehamia vijiji vingine, Mwanza, Dar es Salaam na hata nchi jirani. Kazi hiyo ilirudiwa tena mwaka 2010.

Ndugu wa nyumba moja

Matokeo ya awamu ya 2004 yalichambuliwa na Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, na kuchapishwa mwaka 2011. Badala ya kulinganisha mhamiaji na mtu yeyote wa kijijini, walimlinganisha na wale aliokuwa akiishi nao katika kaya moja kabla ya kuhama. Kwa njia hiyo, tofauti za malezi na mali ya familia hazikuweza kupotosha hesabu.

Waligundua kwamba katika kipindi cha miaka 13, kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi ya mtu kwa pointi 36 za asilimia, ikilinganishwa na wenzake waliobaki. Kwa watu waliotoka mezani pamoja, pengo hilo ni kubwa.

Hapo ndipo lilipozuka swali lingine. Ikiwa kuhama kuna faida kiasi hicho, kwa nini wengi hubaki?

Mwaka 1970, wachumi John Harris na Michael Todaro walieleza kuwa mhamiaji hupima mshahara wa mjini pamoja na uwezekano wa kuupata. Ndiyo maana watu huendelea kumiminika mijini hata pale ambapo wasio na ajira ni wengi, kwa kuwa kila mmoja huamini bahati inaweza kumwangukia. Nadharia hiyo, hata hivyo, haikuipa nyumba nafasi kubwa.

Bei ya mahali

Pengo hilo liliguswa mwaka 1982 na mchumi wa Marekani, Jennifer Roback. Alionyesha kuwa mshahara na kodi ya nyumba haviwezi kutazamwa kando kando. Mahali penye ajira nzuri, maji, usalama na hewa safi huvuta watu, na watu hao hupandisha bei ya ardhi. Kodi ya pango, kwa maneno mengine, ni bei ya mahali. Sehemu ya kile ambacho mhamiaji anakipata kwa mkono wa kulia hukitoa kwa mkono wa kushoto, akimpa mwenye nyumba.

Mgeni wa Dar es Salaam huipata hesabu hiyo mapema. Ni jambo la kawaida mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anasubiri chake. Asiye na ndugu wa kumhifadhi huhitaji mtaji kabla hajapata kazi. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 70 ya wakazi wa jiji hilo wanaishi katika maeneo yasiyopimwa, ambako chumba ni nafuu lakini mitaro, barabara na vyoo ni tatizo.

Takwimu za sensa zinatoa picha ya kufikirisha. Kati ya mwaka 2012 na 2022, idadi ya watu wa Dar es Salaam iliongezeka kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728, sawa na asilimia 23, wakati Tanzania nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Katika kipindi hicho, mkoa jirani wa Pwani ulipanda kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani asilimia 84. Wilaya za Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo zinapakana na jiji, na ndiko viwanja vya bei nafuu vinakotafutwa. Anayejenga huko hupata paa lake mwenyewe, lakini hulipa kwa nauli na saa za barabarani.

Aidha, kipato si kipimo pekee cha ustawi. Nchini Afrika Kusini, utafiti wa Kate Mulcahy na Umakrishnan Kollamparambil uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia waliohama kutoka vijijini kwenda mijini na kuwauliza wanavyoridhika na maisha. Kuridhika huko kulishuka kwa asilimia 8.3. Watafiti hao walitaja matarajio yaliyozidi uhalisia na uchungu wa kutengana na jamaa kuwa sababu zinazowezekana.

Miji midogo

Uchambuzi mwingine wa data za Kagera, uliofanywa na Luc Christiaensen, De Weerdt na Yasuyuki Todo na kuchapishwa mwaka 2013, ulihesabu waliojinasua kutoka kwenye umaskini hadi mwaka 2010. Takriban nusu yao walifanikiwa kwa kuacha kilimo na kuingia katika shughuli nyingine za vijijini au kuhamia mji mdogo. Waliofanikiwa kwa kwenda jiji kubwa walikuwa mmoja tu kati ya saba, ingawa kwa wastani hao ndio waliopanda haraka zaidi.

Mwaka 2018, watafiti waliochukua simulizi za maisha za wahamiaji 75 kutoka Kagera walieleza sababu. Mji mdogo uko karibu, gharama ya kuanzia ni ndogo, na mambo yakiharibika mtu anaweza kurudi nyumbani na kujaribu tena.

Kwa wapanga mipango, ujumbe uko wazi. Viwanja vilivyopimwa, maji na barabara katika miji midogo ni sehemu ya vita dhidi ya umaskini kama ilivyo mbolea shambani. Na kwa familia inayomfungia kijana mzigo wa safari, swali la atapata kazi gani halitoshi. Linapaswa kufuatana na lingine: atalala wapi, na kwa kodi ya miezi mingapi?