Waturuki wa Osman na Mwanzo wa Ufalme Wao

Karibu na mwaka 1300 Asia Ndogo, ambayo leo ni nchi ya Uturuki, ilikuwa imegawanyika kati ya watawala wengi wa Kituruki. Sultani wa Seljuk aliyekuwa juu yao alikwisha vunjwa nguvu na Wamongoli mwaka 1243. Mmoja wa watawala hao wadogo ni Osman, na makao yake yalikuwa Söğüt. Jirani zake wa Germiyan na Karaman walimpita kwa nguvu. Mbona basi ni jina lake lililodumu?

Kwanza twatazama mahali alipokaa. Nchi yake ilipakana na mashamba ya Wayunani, raia wa Kaisari wa Constantinople. Makaisari walipokwisha kuurudisha mji huo mwaka 1261, macho yao yalielekea magharibi, na walinzi wa mpaka wa mashariki wakatozwa kodi ambayo zamani walisamehewa. Mlinzi atendewaye hivyo, tusistaajabu akisinzia.

Mwaka 1302 Osman alilishinda jeshi la Kaisari huko Bapheus. Lakini wapanda farasi wake hawakuwa na mitambo ya kubomoa kuta. Kwa hiyo waliiacha miji, wakashika vijiji na njia, hata watu wa mjini wakakosa nafaka. Bursa ilihusuriwa hivyo miaka mingi. Mwaka 1326 njaa iliwashinda wenyeji, wakamfungulia malango Orhan mwana wa Osman. Kaisari Andronikos wa Tatu alikwenda mwenyewe kuiokoa Nicaea mwaka 1329, akashindwa Pelekanon, akarudi na jeraha. Nicaea ikaanguka mwaka 1331, na Nicomedia mwaka 1337.

Yule msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Bursa pia muda si mrefu baadaye. Aliandika kwamba Orhan alikuwa na ngome zipatazo mia, naye alizizungukia daima, asikae mwezi mzima katika mji mmoja. Sisi twaona kuwa habari hiyo yaeleza mengi kuliko hesabu ya askari.

Ilibaki bahari. Katika miaka ya 1340 Orhan aliitwaa nchi ya Karesi, iliyo pwani kukabili Ulaya. Wakati huo Wayunani walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, na John Kantakouzenos, akitaka askari, alimwoza Orhan binti yake Theodora mwaka 1346. Hivyo Waturuki walivuka mlango wa bahari kwa kualikwa! Mwaka 1352 Süleyman mwana wa Orhan alishika ngome ya Tzympe, asitake kutoka. Mwezi wa Machi 1354 tetemeko la nchi liliangusha kuta za Gallipoli, watu wakakimbia. Süleyman akaingia mara moja, akazijenga kuta, akaleta jamaa za Kituruki kutoka Asia wakae humo. Kantakouzenos alitoa fedha ili mji urudishwe, akajibiwa kwamba haukutwaliwa kwa upanga, bali Mungu ndiye aliyezibomoa kuta. Mwaka huo huo alikiacha kiti chake.

Süleyman alikufa mwaka 1357 kwa kuanguka farasi, na Orhan mwaka 1362. Nchi ikamwangukia Murad, na habari zake twaziweka kwa maongezi yajayo.