Mafuta ya Injini Huenda Wapi?

Mara nyingi ugomvi huzuka kati ya mwenye motokaa na dereva wake kwa ajili ya oili. Fundi ameijaza injini mpaka alama ya juu. Baada ya wiki tatu mwenye gari afungua boneti, achomoa kijiti cha kupimia, aona oili imeshuka. Chini ya gari hapana tone hata moja. Basi neno la kwanza limjialo kinywani ni hili: "Umeiuza." Twamjua mtu mmoja aliyefukuzwa kazi kwa neno hilo, na jina lake jema likaenda pamoja na kazi. Hakuwako wa kumtetea, maana sote tuliokuwapo tulidhani kwamba oili ikisha kutiwa katika injini nzima hukaa pale pale mpaka siku ya kumwagwa.

Dhana hiyo si ya zamani. Watu waliounda mashine za kwanza hawakuwa nayo hata kidogo. Wao walijua ya kuwa mafuta hutiwa ili yapotee, na hesabu yao ilikuwa ni kujua yatapotea kiasi gani, na kwa muda gani. Yafaa basi tuifuate habari hii tangu mwanzo wake, tuone jinsi watu walivyokuja kulisahau jambo ambalo babu zao walilijua sana.

Katika siku za mashine za mvuke, mafuta yaliyotumika zaidi yalikuwa ya wanyama, kama vile ya ng'ombe na kondoo. Lakini mvuke ulivyozidi kuwa mkali, mafuta hayo yaliharibika kwa moto na kuila chuma. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta ya ardhini huko Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, na mwaka 1866 daktari mmoja, jina lake John Ellis, akaanza kuuza mafuta ya kulainisha mashine yaliyotokana na mafuta hayo ya ardhini. Haya yalistahimili joto kuliko yale ya ng'ombe.

Hata hivyo taabu moja ilibaki. Gari la moshi lilikuwa halina budi kusimama kila mara, ili mtu ashuke na chombo cha mafuta mkononi, azunguke akitia kila mahali panaposuguana. Mmoja wa walioiondoa taabu hiyo alikuwa Elijah McCoy, mtu mweusi aliyezaliwa Kanada mwaka 1844. Wazazi wake walikuwa watumwa katika jimbo la Kentucky, wakatoroka. Walimpeleka Scotland kujifunza uhandisi, akarudi na elimu yake mpaka Michigan. Lakini kwa ajili ya rangi yake kampuni ya reli haikumpa kazi ya uhandisi. Ilimpa kazi ya kutia makaa katika tanuru na kupaka mashine mafuta. McCoy hakuidharau kazi ile, bali aliitazama kwa macho ya mhandisi. Mwaka 1872 alipewa hati ya kuvumbua kikombe kilichodondosha mafuta chenyewe katika silinda ya mvuke, gari likiwa linakwenda. Mafuta yale hayakurudi. Yalifanya kazi mara moja, kisha yakatoka pamoja na mvuke. Faida ya kikombe ni kwamba yalipotea kwa kipimo.

Karl Benz wa Ujerumani alipopata hati ya motokaa yake, mwezi wa Januari 1886, njia ilikuwa ni hiyo hiyo ya matone. Magari mengi ya miaka ile yalikuwa na vikombe vya shaba na kioo, na dereva aliyahesabu matone kwa dakika. Oili ilipita katika injini, kisha ikaanguka barabarani au ikaungua. Wapanda pikipiki wa kabla ya vita vya 1914 nao walikuwa na bomba la mkono. Baada ya kila maili kadhaa walilisukuma mara moja kuipa injini chakula chake. Moshi mwepesi ukionekana nyuma yao, mioyo yao ilitulia, maana walijua oili imefika. Moshi ule ule ambao leo humtia mwenye gari hofu, kwao ulikuwa dalili njema.

Lakini waliopoteza oili kuliko wote walikuwa warusha eropleni. Mwaka 1909 ndugu wa ukoo wa Seguin, huko Ufaransa, walionyesha injini yao iliyoitwa Gnome. Katika injini hiyo silinda zote zilizunguka pamoja na panga la mbele. Petroli ilipita tumboni mwa injini, mahali pale pale palipokuwa na oili, nayo ingaliyeyusha mafuta ya ardhini. Kwa hiyo yalitakiwa mafuta yasiyochanganyika upesi na petroli, nayo yalipatikana katika mbegu za mmea ambao wasomaji wetu wengi wanao nyuma ya nyumba zao, nao ni mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Asili ya mmea huu ni upande wa kaskazini mashariki ya Afrika, na mbegu zake zimeonekana hata katika makaburi ya Misri ya kale. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 eropleni nyingi zilirushwa kwa mafuta ya mbarika. Yalitoka katika injini wakati wote kama mvua nyembamba, yakampiga rubani usoni, naye akayavuta kwa pumzi na kuyameza. Kila mama ajuaye mbarika ajua pia yale yaliyolipata tumbo la rubani huyo. Mwaka 1909 huo huo, kampuni ya Charles Wakefield wa London iliiita oili yake mpya Castrol, jina lililotolewa katika jina la Kiingereza la mafuta ya mbarika.

Wakati huo huo desturi nyingine ilikuwa imekwisha kuanza katika motokaa, yaani kuiweka oili ndani ya injini na kuitumia tena na tena. Gari la Ford lililoitwa Model T, lililotoka mwaka 1908, halikuwa na bomba la kusukuma oili. Gurudumu zito la injini liliichota chini na kuirusha juu, nayo ikashuka ikilainisha kila kiungo. Wala halikuwa na kijiti cha kupimia. Chini ya injini palikuwa na vibilula viwili, kimoja juu ya kingine. Dereva aliingia uvunguni na kuvifungua: cha juu kikitoa oili, injini imeshiba, cha chini kisipotoa kitu, injini iko hatarini. Magari hayo yaliundwa zaidi ya 15,000,000 mpaka mwaka 1927, na kila mwenye gari lile alifundishwa kwa mgongo wake ya kuwa oili hupungua na lazima itazamwe.

Baadaye mambo yakawa mepesi. Bomba la kusukuma oili likawa la kawaida. Mwaka 1911 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilitoa kipimo cha uzito wa oili, na kwa kipimo kilichotokana na hicho twasoma namba juu ya makopo hata leo. Mwaka 1923 Ernest Sweetland alibuni chujio la oili. Kisha wataalamu wakatia dawa ndani ya oili yenyewe ili iisafishe injini. Muda wa kubadili oili, ambao zamani ulikuwa maili mia chache, au elfu moja hivi, ukaongezeka. Leo magari mengi hwenda kilometa 5,000, mengine 10,000 na hata 15,000. Kijiti kikawekwa juu, karibu na mkono. Na hapo ndipo watu walipoacha kukichomoa. Jambo lilipokuwa gumu walilifanya kila siku. Lilipokuwa jepesi wakaliacha.

Lakini injini haijaacha kula oili. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda mara maelfu kwa dakika, nayo imefungwa ringi za chuma. Ringi hukwangua oili katika ukuta wa silinda, ila hazikwangui yote, na hazipaswi kukwangua yote. Ukuta ukiwa mkavu, chuma kitakwaruza chuma. Utando mwembamba hubaki, nao huguswa na moto na kuungua kidogo kidogo. Nyingine hupita kando ya valvu, nyingine hutoka kama mvuke. Mfano wake ni mtungi wa udongo: hutoka jasho, na maji yake hupungua bila mtu kunywa. Hatusemi mtungi umevunjika. Jasho lile ndilo lipozalo maji.

Basi kiasi cha haki ni kipi? Injini nzima, kati ya kubadili oili mara moja na mara ya pili katika kilometa 5,000, huenda ikapunguza kidogo isionekane, au robo lita, au nusu lita. Lakini watengenezaji wengi huweka mpaka ulio mpana zaidi: wako wasemao kwamba hata lita 1 katika kilometa 2,000 si ugonjwa, na wengine huiruhusu katika kilometa 1,000. Na tupige hesabu. Katika magari mengi, tangu alama ya juu ya kijiti mpaka ya chini ni lita 1 hivi. Injini yenye lita 4, ikila lita 1 katika kilometa 2,000, itakuwa imefika alama ya chini kabla ya nusu ya safari, na katika kilometa 5,000 itakuwa imekula lita 2 na nusu. Mwenye gari ameshika siku ya fundi bila kukosa, na injini imekufa. Katika karne hii ya 21 jambo hili limezidi, maana ili kupunguza petroli watengenezaji wametia oili nyepesi zaidi na ringi zisizobana sana, na baadhi yao wamelazimika kutengeneza upya injini zilizokula oili kupita kiasi.

Kwa hiyo hatuna budi kurudi kwenye desturi ya wazee wa vikombe na matone. Gari lisimamishwe mahali palipo sawa, injini izimwe, tungoje dakika chache, kisha tupime. Na lifanyike kila wiki, na kabla ya kila safari ndefu. Tena iandikwe katika daftari: tarehe, kilometa, na oili iliyoongezwa. Oili ikipungua kwa mwendo ule ule mwezi hata mwezi, hiyo ni tabia ya injini. Ikizidi ghafula, au moshi wa samawati ukifuata nyuma, huo ni ugonjwa, na fundi aitwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na yule dereva tuliyemtaja? Mahali pake aliajiriwa mwingine, na oili ikashuka vile vile. Mwishowe fundi aliifungua injini, akakuta ringi zimelika. Lakini yule wa kwanza alikuwa amekwisha kuhama na jamaa yake, wala hakuna aliyemfuata kumwambia. Daftari la senti chache lingalimtetea. Nasi tulionyamaza, kama tungalijua habari hizi, tungalikuwa na neno la kusema.